Niache Nipumuzike

Neema mwanangu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Kimya cha mtu aliye mbali husameheka upesi, lakini changu ni cha mtu ambaye kwa wiki tano amekula nsima nawe chini ya bati moja, akakuomba chumvi, akakuuliza kama umefunga mlango, wala asiongeze neno. Najua umedhani nimeikasirikia baiskeli. Nilimsikia jirani yetu Mama Riziki akikuuliza kutoka kwenye cherehani yake, "Papa yako anakununia mpaka leo?" nawe ukamjibu, "Iko vile. Atachoka." Sikununa, Neema. Niliogopa kufungua kinywa kwa sababu nilijua ni sentensi gani ingetangulia kutoka.

Sasa ni saa kumi alasiri. Uko kanisani, wanakwaya wenzako wanakuombea safari. Kesho asubuhi kocha atakuja na gari lake kukuchukua wewe na baiskeli hadi Lilongwe, na nyumba hii ya kambini itabaki na mtu mmoja. Nitakupa barua hii utakapokuwa umekwisha kuketi garini. Humu sitakuandikia habari za kula, kufua, wala kuchagua marafiki. Msichana aliyebeba abiria na magunia ya mahindi kwa baiskeli ya kabaza kutoka Dowa, akarudi kila siku kabla ya giza na baiskeli yake nzima, hahitaji mzee wa kumfundisha kujitunza barabarani. Nina jambo moja tu, nalo nimelichelewesha miaka saba.

Nianze na uwanja wa mpira, kwa kuwa hapo ulikuwepo ukiwa na fahamu zako.

Kocha alikuona kwenye mlima wa Dowa ukipanda na gunia nyuma yako. Uliwapita wanaume wawili waliokuwa wameshuka wakisukuma baiskeli zao, naye akasimamisha gari akuulize jina. Kwa woga uliweza kumjibu "zikomo" tu, yaani asante, mara tatu. Wiki iliyofuata alikuletea ile baiskeli ya mashindano, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, na pedali zake ndogo kama kibiriti. Mama Riziki alizizungusha kwa kidole akauliza, "Sasa muguu inakaa wapi? Ama hii iko ya batoto?" Kocha akaeleza kwa Kiingereza, nami nikafasiri: pedali hizi hazikanyagwi tu, zinabana. Kiatu kina kipande cha chuma chini ya soli. Unakisukuma kwenye pedali mpaka kilie kap, na kuanzia hapo mguu na baiskeli ni kitu kimoja. Ukitaka kutoka, usivute juu. Zungusha kisigino kielekee nje. "Kisigino nje," nilifasiri, nawe ukaenda ukiyasema kama mtoto wa darasa la kwanza mpaka bombani na kurudi.

Viatu vyenyewe uliviokota kwenye rundo la kaunjika, mitumba ya soko la Tsoka. Muuzaji alidhani ni viatu vya mpira vilivyong'oka meno. Vilikuwa vikubwa, kwa hiyo ulichana kipande cha kile kitenge cha kijani ukajaza penye vidole. Nilikuona ukikichana, nikatoka nje, nikajifanya ninapanga kuni. Nitakirudia kitenge hicho.

Siku ya kwanza ulianguka kila uliposimama. Hilo ndilo lililowachekesha watoto: kwamba mtu haanguki akienda, anaanguka akisimama, tena polepole, huku akijiona. "Baiskeli imemukamata!" walipiga kelele. "Neema amefungwa! Muite polisi!" Mimi nilishika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili nikakimbia kando yako, mzee mwenye suruali ya kupigwa pasi, nao wakanizomea kwa jina walilonipa tangu niwafundishe Kiswahili chini ya hema: "Mwalimu Ngeli! Mwalimu Ngeli anasukuma gari!"

Ulisema, "Papa, mi naweza."

Nikasema, kama nilivyozoea, "Mimi ninaweza."

"Sawa, mimi ninaweza. Lakini niache. Papa, niache nijaribu!"

Mikono yangu ikafunguka. Sikuamua kuifungua. Ilifunguka yenyewe, mara moja, kabla hujashika mwendo, na miguu yako yote miwili ikiwa imebanwa. Ulianguka juu ya jiwe. Niliona kiwiko chako kikipasuka, nikaiona damu, na badala ya kuinama nikageuka nikaondoka. Nilikuwa nimefika bombani, kule juu, ndipo nilipotambua kwamba ninatembea. Nyuma yangu ulikuwa unaita. Mama Riziki ndiye aliyekuinua, akakufunga kiwiko kwa kitambaa cha wateja wake.

Ulistahili kuelezwa jioni ile ile. Sasa nakueleza.

Mama yako alikuwa mtoto wa wakulima wa Fizi, nami nilifundishwa na mapadri ambao walitupiga fimbo kwa kukosea kiambishi. Tulipooana tukahamia Uvira, nilimsahihisha kila siku ya Mungu. Hakuudhika. Alisema, "We mwalimu, Kiswahili yako iko na kola na tai." Kulikuwa na kosa lake moja nililolipenda kuliko yote. Akitaka kumaliza jambo kabla hajaitika wito wangu, alisema, "Niache nimalize kupika." "Niache nivae." Nami humwambia: ukitaka nafasi, sema "acha nimalize". Ukisema "niache", umeniamuru nikuache, niondoke zangu. Kisha nasimama, navaa kofia, natoka, najificha nyuma ya mlango. Yeye hucheka mpaka mwiko unamponyoka, halafu huita, "Rudia, mwalimu wangu! Rudia!" Nami, nikiwa bado nje, humjibu kwamba kurudia ni kusema tena, na kwamba aliyetaka mume wake nyumbani aseme "rudi". Huo ulikuwa mchezo wetu. Uliukuta ukizaliwa, na pengine unaukumbuka kama ninavyoukumbuka mimi, kwa sauti ya mwiko ukianguka sakafuni.

Vita vya kwanza vilipofika Uvira ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku tuliyokimbia ulikuwa na malaria kali hata hukunitambua. Tulikuwa na baiskeli yangu ya shule. Nilikuketisha nyuma, mama yako akakufunga kwenye kiti na mgongoni pangu kwa kitenge chake cha kijani, usianguke. Yeye alitembea kwa miguu. Siku ya pili alichomwa na kipande cha bati unyayoni, na siku ya tatu akawa anakanyaga kwa vidole tu. Hujawahi kuniuliza kwa nini sikupanda naye. Baiskeli ilibeba wawili tu. Nilijaribu kukushusha mara moja ili ashike nafasi yako, naye akanitazama kwa namna ambayo sikujaribu tena.

Kabla ya Baraka kulikuwa na daraja lililovunjwa, watu wakivuka juu ya magogo mawili. Nilishuka, nikakuvusha wewe na baiskeli, nikarudi kumshika mkono, tukavuka. Ng'ambo ile aliketi juu ya jiwe. Nyuma yetu, upande tulikotoka, ulilia mlio wa bunduki, ukafuatwa na mwingine karibu zaidi, na watu wote wakaanza kukimbia. Mama yako hakuinuka. Alishika mguu wake akasema:

"Papa Neema, niache nipumuzike."

Soma tena sentensi hiyo, Neema. Katika Kiswahili cha mama yako maana yake ni: ningoje kidogo, nikusanye nguvu, twende. Aliisema kila siku ya ndoa yetu na hakuna siku nilipokosa kuielewa. Lakini katika Kiswahili chenye kola na tai maana yake ni: niache hapa. Nilisimama pale na maana zote mbili mkononi, wewe ukiwa unaungua kwa homa juu ya baiskeli, nikachagua ile ya kitabu. Nilijiambia: amesema mwenyewe, ameniamuru, kwa ajili ya mtoto. Nikapanda baiskeli.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke iliita, "Rudia!"

Kwa miaka saba nimejiambia kwamba watu walikuwa wengi, kwamba kila mwanamke wa Fizi husema hivyo, kwamba labda alikuwa mwingine akimwita mwingine. Hata hivyo niliisikia mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa na kicheko kidogo ndani yake. Nadhani alidhani ninacheza. Alidhani nitasimama mahali fulani mbele, nyuma ya mti badala ya mlango.

Nilisimama jioni, kwenye soko la Baraka, nikangoja siku mbili. Siku ya tatu alikuja mtu akasema barabara imefungwa na kwamba darajani hakuna aliyebaki. Sikumuuliza alikuwa na maana gani. Ulipopata fahamu, tukiwa tayari ndani ya boti ya kwenda Kigoma, uliuliza mama yuko wapi, nikakuambia amekufa kwa homa ile ile yako, na kwamba nilimzika kando ya barabara. Ulipokua ukaanza kuniuliza ni kando ya barabara ipi, penye alama gani, nami nikakutungia mti na mawe matatu. Hakuna mti, Neema. Hakuna mawe. Sijui kama mama yako amekufa. Hiyo ndiyo kweli yote niliyo nayo, na ni ndogo kuliko uongo niliokupa.

Hapa Dzaleka waliponiandikisha, karani aliuliza hali yangu ya ndoa. Nikasema "mgane". Akaandika "mjane". Nikamrudisha: mjane ni mwanamke aliyefiwa na mume, mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane. Alinishukuru, akafuta, akaandika upya. Nilisahihisha neno, nikauacha uongo.

Kwa hiyo uliponiambia uwanjani "niache nijaribu", sikukusikia wewe. Mikono ilimsikia yeye, ikafanya ilichofanya mara ya kwanza, na miguu nayo ikafuata. Halafu nikawa kimya, kwa sababu kama ningesema samahani kwa ajili ya kiwiko, ningelazimika kuendelea.

Utacheka nikikuambia nilichofanya katika kimya hicho. Jumapili ya pili, ulipokuwa kwenye kwaya, nilivaa viatu vyako. Vilinitosha bila kitenge. Niliisogeza baiskeli hadi kwenye ukuta wa nyumba, nikashika ukuta, nikaingiza mguu mmoja, kap, na wa pili, kap. Nilitaka kujua ulijisikiaje. Nilikwenda hatua kama nane kando ya ukuta, ukuta ukaisha, nikasimama. Mimi ndiye niliyefasiri yale maneno, na nilikuwa nayo kichwani wakati ninaanza kuinama: kisigino nje. Mguu haukusikia. Mguu ulivuta juu kwa nguvu zake zote, na kadiri ulivyovuta ndivyo nilivyobaki pale pale. Nilikwenda chini na baiskeli nzima, mbele ya Mama Riziki aliyekuwa ametoka kuanika nguo.

"Yesu wangu! Mwalimu, na we? Kwa umri hii?"

"Kwa umri huu," nilimwambia kutoka chini.

"Umri huu, umri hii, yote moja, we iko chini!"

Nilimwomba anitoe. Ilimbidi aketi kwanza, amalize kucheka. Kisha alifungua kamba za viatu, akanichomoa miguu kama anavua samaki kwenye wavu, viatu vikabaki kwenye pedali. Hakukuambia kwa sababu nilimwomba asikuambie, na kwa mtu wa Bukavu hilo ni jambo kubwa.

Nilipokuwa chini pale sikuwaza juu ya baiskeli. Niliwaza juu yako ukiwa umefungwa kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma, usijue unapelekwa wapi na nani anaachwa. Kitenge kile ulichochana ndicho hicho. Sikukuzuia kukichana kwa kuwa sikuwa na maneno ya kukuzuia nayo ambayo yasingefika mpaka darajani. Kilichobaki nimekikunja juu ya nguo zako. Ni chako, ukikivaa au ukikichana tena.

Baadaye nilikutazama ukijifunza peke yako, na kiwiko chako kikiwa bado kimefungwa. Nilitazama kutoka dirishani. Niliona siku ulipoacha kuanguka. Ulikuwa hujazidi nguvu wala ujasiri. Ulianza tu kukitoa kisigino mapema, kungali na mwendo, hatua kumi kabla ya pale ulipokusudia kusimama. Watoto waliacha kuja, kwa kuwa hapakuwa na cha kucheka. Mimi nilibaki dirishani. Nilikuwa nimesimama mwaka ule wa daraja, nikiwa bado nimebanwa, na tangu hapo ninaanguka, polepole, huku najiona. Sina cha kukufundisha juu ya hilo. Umekwisha kulijua kwa miguu yako.

Sasa nifike kwenye lililobaki, nalo linakuhusu kuliko mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya wanaotafuta ndugu waliopotea, nikaomba fomu. Imefasiriwa kwa Kiswahili, vibaya. Swali la tisa linasema: "Eleza jinsi mlivyoachana." Nilikaa mbele ya swali hilo siku tatu. Kuachana ni kauli ya kutendana. Kunahitaji watu wawili, kila mmoja akimwacha mwenzake. Sisi hatukuachana. Mama yako aliachwa. Nimelikata neno lao kwa wino, nikaandika hilo, na chini yake nikaandika maneno yake ya mwisho kama alivyoyatamka, "nipumuzike", na "rudia", bila kusahihisha. Fomu imejaa. Haijaenda.

Haijaenda kwa sababu ya karatasi yako. Ruhusa yako ya kuishi Lilongwe imeandikwa kwa kufuata faili langu: baba mgane, mama marehemu. Nikiipeleka fomu, itanibidi niseme kwamba nilidanganya siku ile, na karani amenieleza bila kuficha kwamba faili la familia nzima litafunguliwa upya. Huenda wasiiguse karatasi yako. Huenda wakakurudisha hapa mpaka wamalize, na hakuna anayejua watamaliza lini. Kocha ni mwanamke mwema, lakini mashindano hayamngoji mtu aliyekwama Dzaleka.

Sauti yangu ya ualimu inaniambia niipeleke kesho, gari likiisha kuondoka, kwa sababu ni haki. Sauti nyingine inaniambia niichome, kwa ajili ya mtoto. Ya pili naijua. Ilikuwa darajani. Lakini hata ile ya kwanza siiamini nikiwa peke yangu, kwa kuwa siku ile pia nilikuwa peke yangu na nilikuwa na haki, na kitabu cha sarufi kilikuwa upande wangu. Sitaamua tena barabarani huku mtu mwingine ameketi nyuma yangu bila kujua.

Basi soma barua hii taratibu. Soma mara nyingi utakavyo. Unayo haki ya kukasirika, na ukipenda kunyamaza wiki tano, au miezi mitano, nitajua kwamba ulijifunza kwangu. Kocha hupita Dowa kila mwisho wa mwezi. Atakachonipa kutoka kwako nitakipokea. Ukisema ipelekwe, nitaipeleka kwa mkono wangu na kusimama mbele ya karani yule yule. Ukisema ingoje mpaka mashindano yapite, itangoja ndani ya Biblia, na mimi nitangoja nayo. Ukisema hutaki kunisikia, hilo pia nitalisikia. Kisha, siku uamuzi utakapopatikana, iwe wako, iwe wao, nitakuandikia kabla jua la siku hiyo halijazama.

Mpaka hapo sisogei. Nimeketi juu ya jiwe. Na siku utakaponiambia tena "niache", Neema, nitakuuliza kwanza una maana gani.

Papa